Picha ya Masaki, nyumba ya Shanty Town: ukarabati unaanzia wapi?

Masika yakishakata, mwanzoni mwa Juni, simu huanza kuingia. Mpigaji mara nyingi yuko Dar es Salaam. Baba yake alijenga nyumba kubwa Shanty Town, hapa Moshi, enzi za miti mingi kuliko majirani, na sasa mtoto anataka familia ikipanda Krismasi hii ikute nyumba nyingine kabisa. Kabla hatujamaliza salamu, picha zimeshafika: sebule iliyoungana na jiko, vioo kutoka sakafuni hadi darini, paa lisiloonekana, bwawa la kuogelea linaloonekana kumwagikia baharini. Zimepigwa Masaki au Mbezi Beach, kule kule Dar, au Nyali kule Mombasa. Kisha swali: "Kaka, kuifanya ya mzee iwe hivi ni shilingi ngapi?"

Swali ni halali, ila haliwezi kuwa la kwanza. Nimesimamia ujenzi Moshi na Arusha muda wa kutosha kuona fedha za watu zikiteketea, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: kazi ilianzia kwenye kinachoonekana. Vigae, gipsamu, taa za darini. Nyumba yenyewe inajali mambo mawili, mzigo wake unashukia wapi na maji yanapita wapi. Ukishayajua hayo, picha ya Masaki inazungumzika.

Tuanze na maneno, maana watu huita kila kitu ukarabati. Fundi cherehani atatusaidia. Ukimpelekea shati lililokatika kifungo akashona kingine, shati ni lile lile. Huo ndio ukarabati: kupaka rangi upya, kubadilisha bati lililotoboka, kurudishia plasta iliyobanduka. Ukimpelekea gauni pana alibane, lazima afumue mishono kwanza, na akikosea mshono mmoja gauni zima linavuta upande. Hayo ni mabadiliko: kuvunja ukuta kati ya sebule na jiko, kuhamisha choo, kubadili umbo la paa. Ukimwambia aunge kitambaa ili gauni lirefuke, huo ni upanuzi: chumba kipya, baraza, ghorofa juu ya nyumba iliyokuwa ya chini.

Upanuzi una jambo ambalo wenye nyumba hawaambiwi. Nyumba iliyojengwa mwaka 1978 imeshakaa. Udongo chini ya msingi wake ulibanwa na uzito miaka mingi iliyopita, nyumba ikashuka ilivyotaka kushuka, ikatulia. Chumba kipya unachokibandika ubavuni kinaanza kushuka leo. Ukiviunganisha kwa tofali na plasta kana kwamba ni kitu kimoja, ufa utajitokeza palepale kwenye mshono, wima, kutoka msingi hadi darini, na ufa huo utararua kila rangi utakayopaka. Fundi anayejua kazi huacha mwanya mwembamba kati ya ukuta wa zamani na mpya, akaujaza kitu kinachovutika. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, usianze upanuzi wowote kabla mhandisi hajauona udongo wenyewe kwa macho.

Ukuta upi unabeba?

Tangu ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 16, 2024, na watu zaidi ya 20 kupoteza maisha, watu wamekuwa wakiuliza maswali mazuri kuhusu majengo marefu. Lakini yamezaa dhana moja potofu: kwamba nyumba ya chini haina cha kuogopa, kuta zake ni za kugawa vyumba tu.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako fundi alikuwa amevunja ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia. Kazi ilikuwa safi, kingo zimenyooka, kifusi kimeshatolewa. Mama mwenye nyumba hakuniitia ukuta. Aliniitia mlango. Mlango wa chumba cha wageni, ng'ambo ya korido, uliofunga vizuri kwa miaka karibu 40, ulikuwa umeanza kugoma. Fundi alishaupiga randa mara mbili. "Mbao imevimba kwa unyevu, mama, usiwe na wasi," alimwambia. Ilikuwa Agosti, vumbi hadi kwenye majani ya migomba. Nikaangalia juu ya fremu: ufa mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye kona ya lenta na kupanda kwa mshazari. Tukafungua ubao mmoja wa dari, nikapanda na tochi. Kenchi nne, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilizokuwa zimelalia ukuta uliovunjwa zilikuwa zinaning'inia, mbao zake za chini zimebonyea kama kamba ya kuanikia nguo mbichi. Uzito wao ulikuwa umehamia ukuta wa korido, juu ya mlango ule.

Mafiga ni matatu. Ukichomoa moja, chungu hakisubiri mjadala kama figa lile lilikuwa muhimu. Kinaegemea mawili yaliyobaki, na huenda kikamwagika mara moja au kikasubiri mtu akoroge. Ukuta unaobeba ni figa. Ukuta wa kugawa ni kama pazia la tofali: umesimama pale, lakini hakuna kilichoulalia.

Utaujuaje? Si kwa unene. Ukuta wa tofali za inchi 5 unaweza kuwa umebeba paa, na mnene zaidi ukawa haujabeba kitu. Si kwa kuugonga na kusikiliza mlio pia, ingawa nimewaona mafundi wakifanya hivyo mbele ya mteja kwa uso wa daktari. Jibu liko darini, unapoona kenchi zinalalia wapi. Na hata ukuta usiobeba paa unaweza kuwa unazuia ukuta mrefu wa nje usiyumbe, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye foleni. Hapo ndipo mhandisi anastahili malipo yake.

Ukuta unaobeba unavunjwa, lakini kwa utaratibu. Kwanza unashikilia kenchi kwa mirunda au jeki, pande zote mbili. Pili unajenga njia mpya ya mzigo: bimu la zege au la chuma, likalia nguzo mbili, na kila nguzo na msingi wake ardhini, maana uzito uliokuwa umesambaa kwenye ukuta mzima sasa utashukia sehemu mbili tu. Kisha unasubiri. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, na wiki ya kwanza lazima limwagiliwe maji. Mwenye nyumba aliyeko Dar anaona siku hizo ni za bure, mafundi hawafanyi kitu. Zege linafanya.

Wajenzi wa zamani wa pwani walilijua hili kuliko sisi. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu na vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi. Mzigo ndio uliopanga upana wa chumba. Ile sebule pana kwenye picha ya Masaki nayo ina bimu mahali fulani. Limefichwa tu na gipsamu.

Paa lisiloonekana

Sasa tuje kwenye kinachoombwa kuliko vyote, nyumba ya "kontemporari". Watu husema haina paa, au paa lake ni rahisi kwa sababu halionekani. Paa lipo. Ni bati lenye mteremko mdogo, limezungushiwa ukuta mfupi juu ili lisionekane barabarani. Maji yaliyokuwa yakimwagika nje kwa uhuru sasa yanakusanywa ndani ya gata lililojificha nyuma ya ukuta huo.

Fanya hesabu. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 50 katika usiku mmoja wa Aprili, ni lita 10,000. Matangi mawili ya lita 5,000, yote yapite kwenye gata moja na mabomba machache. Gata la paa la kawaida likiziba, maji yanafurikia nje, unalowa ukitoka mlangoni, basi. Gata lililofichwa likiziba, yanafurikia ndani, juu ya gipsamu.

Na Shanty Town ni mtaa wa miti. Mijakaranda na migrivea hudondosha majani mengi. Mara moja nilitoa kwenye mdomo wa bomba la paa la namna hiyo furushi la majani ya mgrivea lililoshikana na vumbi mpaka likawa kama nyavu ya kusugulia masufuria. Nyumba ilikuwa na miezi saba tangu ikabidhiwe. Ukitaka paa hilo na miti unaitaka, weka ngazi ya kudumu ya kupandia, mabomba ya ziada, na tundu la dharura kwenye ukuta wa juu ili maji yakizidi yatoke nje. Gharama hizo hazimo kwenye picha, na ndizo zinazofanya paa "rahisi" lisiwe rahisi.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa: paa hilo halina upenu. Upenu ndio mwavuli wa kuta. Bila upenu mvua inachapa plasta moja kwa moja na jua linaingia dirishani bila kubisha hodi.

Wanaochagua vigae badala ya bati nao wapime. Bati ni kilo 3 hadi 5 kwa mita ya mraba. Vigae vya saruji ni kilo 40 hadi 50. Kwa paa letu la mita za mraba 200, umetoka tani moja au chini yake ukafika tani nane hadi kumi. Umepaki Fuso lililosheheni juu ya kenchi ambazo baba yako alizipigia bati. Vigae vya chuma vyenye changarawe vina uzito wa karibu na bati, na macho ya mgeni hayajui tofauti.

Na tafadhali, kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayofanana na saruji, simamisha kazi. Huenda ni asbestosi. Likikaa lilivyo bila kuvunjika si hatari kubwa. Likikatwa kwa msumeno au kutupwa chini likapasuka, linatoa nyuzi zisizoonekana ambazo zikiingia mapafuni husababisha saratani miaka mingi baadaye. Vijana wa kubomoa hawalijui hilo, na hawatakuja kukudai. Liondolewe na watu wenye vifaa vya kujikinga, likiwa limelowanishwa, bamba zima zima.

Chumvi ya pwani na chumvi ya kwetu

Pwani chumvi huja na upepo. Hupenya kwenye zege kidogo kidogo hadi kwenye nondo, na nondo ikishika kutu hujaa na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege halina pa kwenda, linapasuka kutoka ndani. Ndiyo maana nyumba nyingi za kifahari za ufukweni zinakarabatiwa mapema kuliko tunavyodhani, na ndiyo maana kule watu wametupa grili za chuma wakaenda kwenye aluminiamu. Kwetu upepo hauna chumvi, hivyo grili nzuri ya mzee, ikikwanguliwa na kupigwa rangi ya kuzuia kutu, inaweza kuishi. Usiing'oe kwa sababu Masaki wameng'oa zao.

Chumvi ya kwetu inapanda kutoka chini. Umeiona: futi mbili tatu za chini ya ukuta, rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, ukigusa unapata unga mweupe. Watu husema rangi ilikuwa feki. Fikiria utambi wa kibatari. Mafuta yako chini, lakini utambi unayavuta hadi juu. Tofali na plasta ni utambi. Zinavuta unyevu wa ardhini, maji yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi iliyoyeyuka humo inabaki. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Kupaka rangi ya mafuta au kubandika vigae kwenye ukuta huo ni kuufunga utambi pembeni tu. Maji yanatafuta pa kutokea juu zaidi, na mwakani unyevu uko usawa wa swichi.

Anza nje. Mara nyingi utakuta bustani imejazwa udongo na pevingi hadi vimepita usawa wa sakafu, au bomba la gata linamwaga maji mguuni mwa ukuta. Shusha udongo, peleka maji mbali, uache ukuta ukauke kiangazi kizima kabla ya kuugusa. Ni kazi ya jembe na toroli, na nimeiona ikitibu kuta zilizokuwa zimekula ndoo na ndoo za rangi.

Kuhusu vioo vile vikubwa, sipingi. Ninachouliza ni vinatazama wapi. Tuko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia kwa ubavu; kioo kinachotazama magharibi kitaigeuza sebule ya Moshi kuwa tanuri mwezi Februari. Upande wa kaskazini jua huwa juu, upenu wa kawaida unalizuia. Na kaskazini ndiko uliko Mlima Kilimanjaro. Sisi mandhari yetu iko upande salama, bahati ambayo wenye nyumba za ufukweni hawapati daima. Walioko Arusha wao wakumbuke baridi: mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani hewa hupoa nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000. Sebule iliyofunguliwa kila upande ili upepo wa bahari upite, Julai ya Njiro itaijaza watu waliojifunika mablanketi.

Vyumba vya "masta", vyenye bafu humo humo, nitavipitia haraka. Nyumba iliyokuwa na bafu moja ikipata manne, shimo la maji taka lile lile halitatosha. Lipimwe kabla ya vigae. Umeme vivyo hivyo. Hita ya kuogea ya kilowati 5 inavuta karibu ampea 22, na waya wa milimita 1.5 uliowekwa kwa ajili ya taa haukukusudiwa hata ampea 20. Kila hita iwe na waya wake kutoka kwenye boksi, na nyumba iwe na ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, inayofanya kazi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Barua ya mtaa si kibali

Kupaka rangi na kubadilisha masinki hakukusumbui na ofisi yoyote. Lakini ukigusa kinachobeba, ukibadili umbo la nyumba au ukaongeza chumba, hayo ni maendelezo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na kibali hutoka halmashauri: Manispaa kwa Moshi, Jiji kwa Arusha. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inakutambulisha tu. Ukigeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni, kama wengi wanavyofanya sasa, hayo ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ombi jingine kabisa, hata kama hukuongeza tofali moja.

Kuna wanaoamini kwamba mita 60 ni sheria ya baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa na mto pia. Themi na Naura za Arusha ni mito. Karanga ya hapa Moshi ni mto. Kabla ya kusogeza baraza kuelekea bondeni, chukua futi kamba.

Jambo la mwisho la karatasi huwa nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu linaumiza. Hati bado iko kwenye jina la marehemu baba? Yuko msimamizi wa mirathi? Ndugu wanajua? Nimeona dada akimwaga akiba yake ya kustaafu kwenye nyumba ambayo kisheria haikuwa yake peke yake, na chuki iliyofuata ilidumu kuliko plasta. Kaeni kikao cha familia kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Tuirudie Krismasi. Ukipiga simu Juni, mwezi huo ni wa kufungua dari, kupima na kuchora. Julai ni ya kibali na ya mchanganuo wa gharama, ambao juu yake mimi huongeza asilimia 15 hadi 20 kwa yale yatakayokutwa ukutani. Agosti na Septemba ni za kuvunja, bimu na paa, ili vuli ikute nyumba imefunikwa. Plasta mpya inahitaji kama wiki nne kukauka kabla ya rangi, kwa hiyo ikipigwa baada ya katikati ya Novemba, rangi ya Krismasi itabanduka kabla ya Pasaka. Kikibaki kitu, kibaki jiko. Wageni wa Desemba wanaweza kupikiwa nje.

Nyumba ya yule mama tuliishikilia kwa jeki, tukazipandisha kenchi pole pole kwa siku tatu, tukamwaga nguzo na bimu. Mzigo ulipokamatwa, mlango wa chumba cha wageni ulirudi kufunga. Ila randa ilikuwa imeshakula mbao, na hadi leo taa ya korido ikiwashwa usiku, mstari mwembamba wa mwanga unapenya juu ya mlango ule na kuangukia dari ya chumba cha wageni.